Ndege moja, majira mawili: kwa nini sehemu moja ya ndege ina baridi kali na nyingine ina joto katika safari ndefu?

Fundi wa Shangani

Wanajukwaa, habari za jioni kutoka Mtwara, ambako kusi inavuma na hata sisi wa pwani tumeanza kujifunika shuka usiku. Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi kwa miaka 22 sasa, na uzi huu naufungua kwa sababu ya jambo lililompata mama yangu angani, jambo ambalo tangu siku hiyo sijaacha kulifuatilia.

Mwaka jana nilimsindikiza mama kwenda Uingereza kumwona mdogo wangu aliyejifungua. Mama ana miaka 71 na magoti yake yana baridi yabisi. Tulitoka Mtwara hadi Dar es Salaam, tukabadilisha ndege mara ya pili huko Ghuba, na kipande cha mwisho kilikuwa cha zaidi ya saa saba, usiku mtupu. Mama na mimi tulipewa viti vya nyuma, safu ya kwanza baada ya mlango, naye akakaa dirishani. Kijana wangu alipangiwa peke yake safu kumi na moja mbele yetu, katikati ya kundi kubwa la abiria. Ilipofika saa nane usiku mama alikuwa anatetemeka waziwazi, ingawa alikuwa na blanketi la ndege pamoja na kanga mbili. Nikaondoka kwenda kumwomba kijana blanketi lake. Nilimkuta amevua sweta, paji la uso linang'aa kwa jasho, na jirani yake anajipepea kwa ile kadi ya maelekezo ya usalama. Abiria wa pale walikuwa wameomba kupunguziwa joto, nami nilikuwa njiani kwenda kuomba tuongezewe.

Begini nilikuwa na kipimajoto kidogo ninachotumia kazini. Pale alipokaa kijana kilisoma nyuzijoto 25. Kwenye kiti cha mama, usawa wa kifua, kilisoma 21, na nilipokishusha hadi sakafuni karibu na ukuta, miguu yake ilipokuwa, kilishuka hadi 17. Sisemi kwamba kila ndege iko hivyo. Nasema hivyo ndivyo ilivyokuwa usiku ule, katika umbali ambao mtu anautembea kwa hatua chache.

Mtu wa Mtwara mjini anayepanda kwenda Newala mwezi wa Julai hubeba sweta bila kuambiwa, kwa sababu anajua anapanda uwanda wa juu wa Makonde, na ukungu wa kule anaufahamu. Ndani ya ndege hakuna mlima wa kumwonya. Abiria anaona chumba kimoja kirefu, taa zile zile, zulia lile lile, naye anaamini kwamba hewa nayo ni moja. Hapo ndipo kosa linapoanzia, na ndipo ninapotaka tupaelewe vizuri.

Nianze na chanzo cha hewa yenyewe. Ndege ya safari ndefu husafiri kwenye kimo cha mita 10,500 hadi 12,000 hivi, ambako nje kuna baridi ya karibu nyuzijoto 55 chini ya sifuri, na msukumo wa hewa haufiki hata robo ya ule wa hapa ufukweni. Hewa hiyo hailetwi ndani ikiwa hivyo. Katika ndege nyingi inachukuliwa kutoka kwenye kompresa za injini, mahali ambapo imekwisha kugandamizwa kabla ya kukutana na mafuta, na kule kugandamizwa kunaipasha hadi karibu nyuzijoto 200. Mtu yeyote aliyewahi kushika pampu ya baiskeli baada ya kujaza tairi anajua jinsi hewa iliyobanwa inavyopata moto. Boeing 787, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2011 na ambayo hata shirika letu la taifa inayo, inatumia kompresa za umeme kuvuta hewa ya nje badala ya kuichota injini, lakini kazi inayofuata inafanana: hewa moto hupitishwa kwenye mashine za kupozea, kwa kawaida mbili, zilizo tumboni mwa ndege karibu na mabawa, ndipo ichanganywe na hewa iliyokwisha kuzunguka ndani na kuchujwa. Karibu nusu ya hewa tunayovuta angani ni ile iliyorudishwa kwa njia hiyo.

Kwa hiyo tatizo kubwa la ndege, tofauti na wengi wanavyodhani, ni kupoza. Baridi ya nje ipo, lakini hewa inaingia ikiwa ya moto, na watu wenyewe ni majiko. Binadamu aliyekaa kimya hutoa joto la wati 100 hivi. Abiria 100 waliobanana katika daraja la kawaida wanatoa kilowati 10, sawasawa na pasi kumi za umeme za wati elfu moja moja zikiwaka kwa wakati mmoja katika chumba kisicho na dirisha la kufungua. Ongeza vioo vya sinema nyuma ya kila kiti, taa, na majoko ya kupashia chakula. Sasa linganisha na daraja la biashara, ambako eneo lenye ukubwa unaokaribiana lina watu wachache sana. Ukipeleka hewa yenye ubaridi ule ule katika sehemu zote mbili, wa mbele watagandishwa na wa nyuma watalalamika joto.

Ndiyo maana wabunifu waliigawanya ndege. Ndege ndogo ya familia ya Airbus A320 ina maeneo matatu ya joto: chumba cha marubani, sehemu ya mbele na sehemu ya nyuma. Ndege kubwa za mwili mpana zina maeneo mengi zaidi ya hayo. Kila eneo lina mabomba yake ya hewa, kihisi joto chake na vali yake ndogo ambayo sisi mafundi tunapaswa kuipenda, kwa sababu ndiyo siri ya mfumo mzima. Mashine za kupozea huandaa hewa kulingana na eneo linalohitaji baridi kuliko mengine yote. Hewa hiyo hutumwa kila mahali. Kisha, kwa yale maeneo ambayo hayahitaji baridi kiasi hicho, vali hufunguka na kuchanganya hewa moto kidogo kabla haijatoka darini. Kwa maneno mengine, eneo lililojaa watu ndilo linaloamua ubaridi wa hewa ya msingi, na wengine wote wanarekebishiwa kwa nyongeza ya moto.

Tazameni basi linalotokea vali moja inapokwama au inapofungwa kwa hitilafu. Eneo lile linaendelea kupokea hewa ya msingi iliyoandaliwa kwa ajili ya umati wa watu wengine. Likiwa na abiria wachache, linapoa, na hakuna mhudumu anayeweza kulipasha kwa kubonyeza kitufe. Sijui kama ndivyo ilivyokuwa kwetu usiku ule, wala simlaumu mtu, lakini nilipoelewa mpangilio huu nilitambua kwamba malalamiko ya wale wa mbele na ya mama yangu yaliweza kuwa ya kweli yote mawili kwa wakati mmoja.

Jambo la pili ni jinsi hewa inavyotembea. Hewa ya kiyoyozi cha nyumbani huzunguka chumba kizima hadi ikasawazika. Ndani ya ndege imekusudiwa isifanye hivyo: inatoka juu, inashuka kando ya abiria, na inatokea kwenye matundu ya chini ya ukuta, karibu na safu ile ile ilikoingilia, na hewa yote ya ndani hubadilishwa kila baada ya dakika mbili au tatu hivi. Mpangilio huo ni mzuri kwa afya, kwa sababu unapunguza kikohozi cha mtu wa safu ya kumi kusafiri hadi safu ya arobaini. Lakini faida hiyo ina gharama yake: joto la safu ya watu wengi nalo halisafiri kwenda kuwasaidia wenye baridi. Tena, aliyekaa dirishani ameweka miguu yake mahali pale pale hewa inapotokea, kando ya ukuta ambao nyuma ya plastiki na sufi yake kuna bati au kaboni inayopambana na zile nyuzijoto 55 chini ya sifuri.

Na milango. Mlango wa ndege ni mzito, umejaa mitambo ya kufungia na mtelezo wa dharura, na hauwezi kufunikwa sufi ya kuzuia baridi kama ukuta wa kawaida. Wapo watengenezaji wanaoweka vipasha joto vya umeme kwenye sakafu ya karibu na milango kwa sababu hiyo hiyo. Mama yangu alikuwa na mambo matatu kwa pamoja: nyuma ya mlango, dirishani, na katika kona yenye watu wachache. Laiti ningalijua, ningalimkalisha kwingine kabisa.

Karibuni mchangie, hasa wenye wazee wanaosafiri.

Binti Mikindani

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma kwa makini na nimepata jibu la jambo ambalo limenisumbua kwa muda. Nilisafiri kwenda masomoni Uholanzi, nikalipa nyongeza ili nipate kiti cha mlango wa dharura chenye nafasi ya miguu, kwa kuwa mimi ni mrefu. Nafasi niliipata, lakini miguu yangu iliganda kiasi kwamba nilivaa soksi jozi mbili na bado nikaikunja juu ya kiti. Kwa nini kiti cha bei ya juu zaidi katika daraja letu ndicho kiwe na baridi zaidi? Halafu kuna jambo la pili: mchana, tulipokuwa tunaruka juu ya jangwa, upande wetu ulikuwa wa baridi lakini wenzetu wa upande wa pili walikuwa wamefunga vidirisha kwa sababu ya joto. Je, hilo nalo ni la maeneo?

Fundi wa Shangani

Marahaba mwanangu. La kwanza umelijibu mwenyewe: unapolipia nafasi ya miguu unalipia umbali kutoka kwa watu, na watu ndio wapashaji. Mbele yako hakukuwa na safu ya abiria watatu wa kutoa joto. Kulikuwa na sakafu tupu na mlango. Ukikipata tena kiti hicho, kichukue, ila beba soksi nene na kitu cha kutandika chini ya miguu.

La pili si la maeneo, kwa sababu maeneo yamegawanywa kwa urefu wa ndege, kutoka mbele kwenda nyuma. Hilo ni jua. Katika kimo kile hakuna vumbi wala mawingu ya kulizuia, nalo linaingia dirishani na kupasha viti na watu moja kwa moja. Kihisi joto kinapima eneo zima kama kitu kimoja, kwa hiyo hakijui kwamba kulia kuna jua na kushoto kuna kivuli. Anayesafiri mchana kutoka kwetu kwenda kaskazini atapata jua la asubuhi upande wa kulia na la alasiri upande wa kushoto; usiku haijalishi.

Dereva wa Kusini

Ndugu fundi, mimi ninaendesha basi kati ya Mtwara na Dar es Salaam, na kwetu ni kinyume. Abiria wa viti vya nyuma ndio wanaolalamika joto, kwa kuwa injini iko chini yao, na wa mbele wanapigwa na kiyoyozi. Tukifika Lindi tayari nina watu wanaotaka kiyoyozi kizimwe na wengine wanaotaka kiongezwe. Kwa nini basi katika ndege iwe nyuma ndiko kwenye baridi?

Fundi wa Shangani

Ndugu dereva, mfano wako ni mzuri kuliko wote niliowaza, na nakubali kwamba nimeandika kwa namna inayoweza kumfanya mtu adhani nyuma ni baridi siku zote. Sivyo. Injini za ndege zinaning'inia mabawani, hivyo hazipashi kiti cha mtu yeyote. Nyuma inaweza kuwa na joto kubwa ikiwa imejaa, na inaweza kuwa na baridi ikiwa na viti vitupu. Katika ndege nyingi, kule mwishoni mwili wa ndege unapungua upana, idadi ya viti kwa safu inapungua, na kuna milango, vyoo na jiko kwa karibu. Mambo hayo yakikutana na abiria wachache, baridi inajitokeza. Ndege ikijaa pomoni, hali inaweza kugeuka kabisa.

Tofauti moja kubwa kati yako na rubani ni kwamba wewe una swichi moja ya basi zima. Yeye ana kirekebishio cha kila eneo; katika Airbus A320 kinaanzia nyuzijoto 18 na kuishia 30, na kikiwa katikati kinaashiria 24.

Mkulima wa Nachingwea

Mimi kwa heshima sikubaliani. Nimesafiri mara tatu na ninaamini mashirika yanapunguza joto kwa makusudi ili kuokoa mafuta, na pia ili watu walale wasiombe vinywaji. Hizi habari za vali ni kisingizio cha kitaalamu.

Fundi wa Shangani

Ndugu yangu, hoja yako naichukulia kwa uzito kwa sababu nimeisikia mara nyingi. Kuchota hewa kwenye injini kunagharimu mafuta, hilo ni kweli. Lakini gharama hiyo inalipwa kwa ajili ya kuwapa watu hewa na msukumo wa kuwaweka hai, na inalipwa iwe kuna joto au baridi. Hewa inatoka kwenye injini ikiwa tayari moto. Kulipasha eneo ni kuiruhusu kidogo ya moto huo ipite bila kupozwa. Shirika linalotaka kubana mafuta halipati faida kwa kuwagandisha abiria.

Kuhusu kulala, sina la kusema juu ya nia za watu. Ninalolijua ni la mwili. Joto la ndani la mwili wa binadamu hushuka usiku na hufika chini kabisa karibu na alfajiri, saa kumi au kumi na moja, hivyo nyuzijoto 22 zilizokuwa nzuri wakati wa chakula cha jioni zinaonekana kali saa tisa za usiku ingawa kipimajoto hakijasogea. Hewa ya ndani nayo ni kavu mno. Unyevu wake kwa kawaida hauzidi asilimia 20, wakati sisi wa pwani tumezoea kuishi ndani ya unyevu kama samaki. Hewa kavu hunyonya maji ya ngozi, na maji yanapoondoka huondoka na joto. Kwa hiyo mtu wa Mtwara atahisi baridi katika nyuzijoto ambazo hapa nyumbani angeziita joto.

Mhudumu Mstaafu

Salamu kutoka Lindi. Nilifanya kazi ya uhudumu wa ndege kwa miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani, na ninaomba kumsahihisha fundi mahali pamoja na kumuunga mkono mahali pengi.

Umeandika kuhusu kihisi joto kana kwamba kipo mahali abiria walipo. Si lazima iwe hivyo. Katika baadhi ya ndege, ikiwemo hiyo familia ya A320 uliyoitaja, vihisi vya abiria vimewekwa kwenye njia za kuvutia hewa ya vyooni na majikoni. Hewa inayopita humo ndiyo inayochukuliwa kuwa hewa ya eneo. Fikirini basi hali ya jikoni tunapopasha chakula cha watu mia mbili: kinachopimwa pale si lazima kifanane na anachohisi bibi aliyekaa dirishani. Kazini nilijifunza kuiamini mikono yangu. Nilikuwa napita kwenye ushoroba usiku nikishusha mkono hadi usawa wa miguu ya abiria waliolala, na hapo ndipo nilipopata ukweli kuliko kwenye kioo cha kuonyesha namba.

Jambo jingine ambalo abiria hawalitambui ni kwamba mhudumu anatembea, anasukuma toroli, anainama na kunyanyua. Mwili wake unazalisha joto kubwa kuliko wa aliyekaa. Akiambiwa kuna baridi huku yeye mwenyewe anatokwa jasho, ni rahisi kudhani abiria ni mmoja tu mwenye tatizo. Sisemi hilo ni sahihi, nasema ndivyo ilivyo, na mhudumu mzuri hujizoeza kutojipima yeye.

Katika ndege nyingi kubwa tuna kioo cha kurekebishia joto, lakini rubani ndiye anayeweka kiwango cha msingi, na sisi tunaweza kusogeza nyuzijoto chache tu juu au chini ya hapo. Ukiomba, usitegemee mabadiliko ya papo hapo. Viti, kuta na mizigo vimekwisha kupoa, navyo vinahitaji muda kupata joto. Kosa lililokuwa linatusumbua zaidi ni mhudumu mmoja kuongeza na mwingine, asiyejua, kupunguza baada ya dakika kumi, kwa kuwa kila mmoja amesikia abiria tofauti.

Nawaombeni, mnapoita mhudumu msiseme "ndege ina baridi." Semeni: "Niko safu fulani, upande wa dirisha, miguu yangu imepoa tangu saa fulani, na hewa haitoki juu bali inatoka chini ukutani." Maneno hayo yanamwezesha kujua kama ni eneo zima, ni safu moja, au ni mlango unaovuta. Ikiwa ni eneo zima, atampigia rubani simu ya ndani. Ikiwa ni mlango, hakuna kitufe kitakachosaidia. Dawa ni kuhama kiti, na kama kuna kiti kitupu, mzee mwenye magoti mabovu hatanyimwa.

Fundi wa Shangani

Dada yangu, nakushukuru sana, na ninakubali sahihisho lako kwa mikono miwili. Hilo la vihisi kuwekwa kwenye njia za vyoo na majiko linanieleza jambo ambalo kipimajoto changu hakikuweza kunieleza, yaani kwa nini mfumo unaweza kuona kila kitu kiko sawa huku mtu anatetemeka. Katika kazi yangu ya vyumba vya kuhifadhia samaki tunagombana kila mara na wenye mali kuhusu mahali pa kuweka kihisi. Ukikiweka karibu na mlango, chumba kitapozwa kupita kiasi. Ukikiweka mbele ya feni, kitadanganyika na kuzima mapema. Kumbe huko juu nako ugomvi ni ule ule.

Nami usiku ule nilisema maneno yale yale uliyotuomba tusiseme. Nilimwambia binti wa watu, "Hapa kuna baridi sana," akajibu kwa adabu kwamba watashughulikia, akaenda zake. Hakuwa na namna ya kujua kwamba tatizo liko chini ya magoti.

Mama wa Newala

Nami nina swali, na samahani kama linaonekana dogo. Nitasafiri na mtoto wa miezi saba. Nimeambiwa kile kitanda kidogo cha mtoto huwekwa ukutani mwa safu ya mbele ya eneo. Kwa haya niliyoyasoma, je, si hapo hapo karibu na milango na jiko? Sisi huku juu tunajua kumvalisha mtoto kwa baridi, lakini sijui kumvalisha kwa baridi inayokuja na kuondoka.

Mhudumu Mstaafu

Swali lako si dogo, mama. Ni kweli kwamba vitanda hivyo hufungwa kwenye kuta zinazotenganisha maeneo, na mara nyingi mlango au jiko haliko mbali. Mvalishe nguo nyepesi nyingi badala ya moja nzito, ili uweze kuongeza na kupunguza. Usimpime kwa viganja wala vidole vya miguu, kwa sababu hivyo hupoa haraka. Mguse kisogoni au kifuani. Kisogo kikiwa na jasho, punguza nguo moja hata kama wewe unahisi baridi. Mkumbuke pia wakati wa kupanda ndege: ikiwa bado chini Dar es Salaam, milango wazi na abiria wanaingia, ndani kunaweza kuwa na joto kali, hivyo usimfunge mablanketi kabla hamjaruka. Na blanketi lako lichukue mapema, kwa sababu idadi yake ina mwisho.

Fundi wa Shangani

Naongeza la kanga, mama wa Newala. Kanga mbili zilizopishana zinashika hewa katikati yake, na hewa iliyoshikwa ndiyo inayozuia joto lisitoroke. Kosa langu na mama lilikuwa kumfunika mabegani tu. Tulipokuwa tumebakiza saa tatu hivi nilimzungushia kanga zote mbili kuanzia kiunoni hadi nyayo, nikazichomeka chini ya miguu ili hewa ya ukutani isipenye, na blanketi likabaki juu. Akaacha kutetemeka kabla ya kifungua kinywa kuletwa.

Binti Mikindani

Mzee, na safari ya kurudi ilikuwaje? Hukutueleza.

Fundi wa Shangani

Wakati wa kurudi nilifika kaunta mapema nikaomba viti vya katikati ya eneo, mbali na milango yote miwili, upande wa ushoroba na si dirishani. Binti wa kaunta aliniuliza kwa nini mzee hataki dirisha, nikamweleza, akatutafutia. Mama alikaa kati yangu na kijana wangu, soksi za sufi miguuni, kanga zimefungwa tangu mwanzo. Ndege ilikuwa imejaa. Usiku wa manane nilikiweka kipimajoto sakafuni, kikasoma 22, na usawa wa kifua kikasoma 24. Mama hakuniona nikipima, kwa kuwa alikuwa amelala, na aliamka pale taa zilipowashwa kwa ajili ya chakula.

Mwezi ujao anakwenda tena kumwona mjukuu. Safari hii anasafiri na dada yangu, nami nimemwandikia dada kwenye karatasi namba za safu za kuomba, pamoja na yale maneno ya kumwambia mhudumu kama yalivyoandikwa na dada yetu wa Lindi hapo juu. Kipimajoto nimewapa.